Kihisi kinasema 7.1, kidole kinasema 8.6

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina kisukari aina ya pili na nimejiunga na utafiti wa dawa. Wamenibandika kihisi nyuma ya mkono, kinasoma sukari mchana na usiku. Juzi, nusu saa baada ya kula, kihisi kilionyesha 7.1, nikajitoboa kidole, glukomita ikasema 8.6. Jana usiku kengele ikaniamsha ikidai nimeshuka hadi 3.2. Sikuwa na jasho wala sikutetemeka, na kidole kikasema 5.8. Utafiti unaotegemea kifaa hiki una ukweli gani? Niwaambie watafiti, au nitawaharibia kazi?
Mshiriki mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba. Waambie, tena leo hii. Kuwanyamazia ndiko kutakakoharibu kazi.

Hiyo ya baada ya kula hainishtui. Kihisi hakigusi damu. Uzi wake mwembamba umelala chini ya ngozi, ndani ya majimaji yanayozunguka seli, na glukosi hufika huko ikitokea kwenye mishipa midogo ya damu. Kwa hiyo kihisi huchelewa dakika kadhaa, mara nyingi kati ya 5 na 15. Sukari ikipanda kwa kasi kinasoma chini, ikishuka kwa kasi kinasoma juu. Glukomita nayo ina ruhusa yake ya kukosea: kwa kiwango cha 2013 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, sukari halisi ya 8 ikisomwa 6.8 au 9.2, kifaa bado kimo ndani ya mipaka.

Ya usiku ni habari nyingine. Je, ulikuwa umelalia mkono wenye kihisi? Uzito wa mwili hubana ngozi, majimaji hayazunguki vizuri pale, na kihisi huripoti mshuko ambao damuni haupo. Ukigeuka, namba hurudi juu zenyewe. Kwako ni usingizi uliokatika. Kwa mtafiti ni tukio la sukari kushuka, na linaweza kuandikwa kwamba limeletwa na dawa.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Miaka niliyokaa kwenye chumba cha majaribio tulikuwa tukichota damu ya mshipani kila baada ya dakika 15, mkono wa mshiriki ukiwa umepashwa joto, tukiilinganisha na kihisi huku sukari ikipandishwa na kushushwa chini ya uangalizi. Tofauti za jozi zote, kwa asilimia, hutolewa wastani mmoja uitwao MARD. Vihisi vya kisasa vingi viko karibu na asilimia 8 hadi 10, vile vya mwanzo vilikuwa karibu na 20. Ni maendeleo makubwa, nami nayafurahia kwa dhati. Ila wastani huo hausemi kosa linaelekea wapi. Chukua vihisi viwili vyenye asilimia 9: kimoja hukosea mara juu mara chini, kingine husoma chini siku zote. Cha kwanza, ukikusanya siku 14 za usomaji, makosa yake kwa sehemu kubwa hufidiana. Cha pili kitasoma sukari ya 4.2 kuwa 3.8, na kwa kuwa mstari wa sukari ya chini umewekwa 3.9, kila saa ya namna hiyo itahesabiwa kuwa hatari. MARD ni ileile, hitimisho la utafiti linageuka.

Ndiyo maana nikisoma ripoti ya utafiti naruka wastani kwanza. Natafuta kihisi kilifanyaje chini ya 3.9, kilifanyaje siku ya kwanza ya kuvaliwa, ambayo kwa kawaida ndiyo dhaifu zaidi, na kama makundi yote mawili, la wanaopewa dawa na la kulinganisha, yalivaa kifaa cha aina moja. Kundi moja likivaa aina hii na jingine aina ile, sina imani na tofauti ya asilimia chache kati yao.

Kwa hiyo andika saa ya kula, ulivyolala, na kila dawa unayomeza. Parasetamoli hupandisha usomaji wa baadhi ya vihisi, na vitamini C kwa wingi hupandisha wa vingine. Waulize chako ni cha aina gani kabla hujameza. Na kengele ikilia tena usiku, pima kidole kama ulivyofanya, lakini ukihisi jasho, njaa kali au kutetemeka, kunywa kitu chenye sukari hata kama kihisi kinadai uko salama.