Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kama kiongozi huzaliwa

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea baba yako kwa sauti. Unasema kwenye kozi yako ya uongozi kila mtu ametakiwa kuandika nadharia anayoiamini, na wakati huohuo kazini wanakutaka uwe mkuu wa kitengo, uwaongoze watu ambao wengine walianza kazi kabla hujamaliza shule. Halafu ukauliza: "Mama, kiongozi huzaliwa au hufundishwa? Na mimi je, ninacho hicho kipaji?"

La kwanza nalipita haraka, maana umeshalisoma. Mwaka 1840 mwandishi Thomas Carlyle aliwahutubia watu wa London juu ya mashujaa, kana kwamba historia yote imefanywa na wachache waliozaliwa wakubwa. Mwaka 1948 mtafiti Ralph Stogdill akapitia tafiti nyingi za sifa za viongozi, akaona sifa peke yake hazimfanyi mtu kiongozi. Lazima uangalie yuko wapi na anaongoza kina nani. Mimi niko na Stogdill. Watu waliong'ara mahali pamoja nimewaona wakichuja mahali pengine.

Swali ambalo ningependa uniulize ni hili: ukitoka chumbani, kinatokea nini? Nimelisema sana hapa nyumbani na nitalisema tena: kiongozi hupimwa akiwa hayupo. Watafiti Lewin, Lippitt na White walilionyesha mwaka 1939 kwa vikundi vya wavulana waliokuwa wakitengeneza vinyago. Penye kiongozi wa amri, kazi ilikwenda mbio akiwepo, akitoka, ikazorota. Penye kiongozi aliyeamua pamoja nao, alipotoka waliendelea karibu vilevile. Niliposoma habari hiyo nikiwa mtu mzima, niliwaona masista wakuu wangu wawili wa wodini, nilipokuwa muuguzi.

Wa kwanza unamkumbuka, ndiye aliyekushonea sweta la kijani. Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, tulizunguka kitanda hadi kitanda, na yeye alisimama nyuma yetu. Alianza na mdogo kuliko wote: "Wewe uliyekesha naye, umeona nini?" Mdogo akisema, hata akibabaika, hakuna aliyemkatiza. Funguo za kabati la dawa alizifunga kwa utepe mweupe mfukoni. Siku moja alizitoa, akaniwekea kiganjani, akaifunga mikono yangu kwa mikono yake, akasema, "Leo wodi ni yako," akaondoka kwenda kwenye mkutano. Zamu nzima niliipapasa mifuko yangu kuhakikisha zipo. Mpaka leo nikilikumbuka joto la zile funguo nafurahi kama mtoto.

Wa pili alikuja yule alipostaafu. Hiyo ndiyo miaka niliyokuwa narudi nyumbani kimya, nanyi mnamuuliza baba yenu mama ana nini. Asubuhi moja muuguzi mgeni aliuliza swali kuhusu dozi, akakaripiwa mbele ya wagonjwa. Kesho yake ikaja karatasi ya dawa iliyoandikwa 1.0, nukta imefifia, ikasomeka 10. Mwenzetu akavuta dawa kwenye sindano. Yule mgeni alikuwa amesimama pembeni yake, akaona ni nyingi, akanyamaza. Mgonjwa alipona, namshukuru Mungu, baada ya saa ndefu ambazo hakuna aliyekaa chini. Kisha tukaitwa ofisini, na swali likawa moja tu: nani? Hakuna aliyeuliza ilikuwaje. Tulipokuwa tunabadilisha nguo yule binti aliniambia, "Dada, niliona. Niliogopa kuuliza." Haukupita muda akaacha uuguzi kabisa. Alikuwa na mikono mizuri ya kazi, na bado inaniuma.

Ndiyo maana nataka katika kazi yako ya kozi umwandike mtafiti Amy Edmondson. Katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini, akitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Akatambua kwamba kwingine watu walikuwa wanayaficha. Ningekuwa na utafiti huo siku ile ningeibandika mlangoni pa ofisi.

Lakini ngoja, nisimwonee yule sista wa pili. Wodi yake iling'aa, dawa hazikupungua hata kidonge, na hakuna aliyechelewa zamu. Tena kuna saa ambayo amri ndiyo inayotakiwa. Moyo wa mgonjwa ukisimama huiti kikao. Hata sista wangu wa kwanza saa hiyo hakuomba maoni ya mtu, alitoa amri nasi tukakimbia. Wasomi wa uongozi Hersey na Blanchard walianza kufundisha hivyo mwaka 1969: mtindo wako ufuate uwezo na utayari wa unayemwongoza, mgeni umwelekeze hatua kwa hatua, mzoefu umwachie. Nakubali. Basi yule wa pili alikosea nini, kama amri nayo ina mahali pake? Nimejiuliza sana. Nadhani tofauti ilionekana baadaye: wa kwanza, mambo yakitulia, alitukalisha chini akauliza kila mmoja aliona nini. Wa pili alibaki na amri hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akifa. Pengine aliwahi kupoteza mgonjwa kwa uzembe wa watu fulani, na hofu ile ikamganda. Hilo sikupata kulijua, kwa hiyo hukumu yake naiacha, ingawa ulimi unaniwasha.

Uongozi wa utumishi alioueleza Robert Greenleaf mwaka 1970 nao ni mzuri, ila uusome ukijua kwamba kuwatumikia watu hakuna maana ya kuwafanyia kazi zao. Hapo wewe una udhaifu. Tangu utotoni ulikuwa unamfanyia mdogo wako hesabu zake kwa huruma, naye mtihani ukimfikia analia.

Kuhusu kipaji, angalia mambo haya wiki hii. Kwenye kikao, maoni yako yatoe mwisho, maana ukitangulia, wengine watayarudia tu. Mpe mtu kazi nzima pamoja na mamlaka yake, usimchungulie kila saa. Akikuletea habari mbaya, neno lako la kwanza liwe asante, hata kama tumbo linakuunguza. Na hao wakubwa kwako kiumri waamkie kama kawaida, kisha waulize kitu wanachokijua kuliko wewe, uandike wanachosema. Siku usipokwenda kazini, ukirudi usiulize nani alichelewa. Uliza waliamua nini bila wewe. Kiongozi hupimwa akiwa hayupo, nimesema.

Na hiyo nafasi, uikubali au uikatae? Jibu ninalo, nimelishika tangu nilipomaliza ukurasa wa kwanza wa barua yako. Baba yako ameniomba nisiliandike, kwamba uamuzi ni wako na wewe ndiye utakayeamka kila asubuhi kwenda kukabiliana na watu hao. Nimemsikiliza kwa shida. Ukishawajibu wakubwa wako kazini, nipigie siku hiyohiyo, nami nitakuambia nilichotaka kusema.

Nakupenda,
Mama yako