Paimon ni jini, shetani au pepo?

SWALI: Ninaandika makala kuhusu Paimon wa gemu ya Genshin Impact na chimbuko la jina lake katika vitabu vya kale vya Ulaya. Nimeandika: "Paimon ni jini aliyeopolewa majini." Msomaji mmoja kanikosoa, anasema nimwite shetani. Mwingine anataka pepo, ila yeye ameandika "pepo hii". Nishike lipi?

JIBU: Shika pepo, tena pepo huyu. Lakini litumie kwa Paimon wa vitabuni tu. Yule wa kwenye gemu usimpe hata moja kati ya majina hayo matatu.

Mwaka 1577 daktari Johann Weyer, mzaliwa wa Brabant, alichapisha orodha ya pepo kama nyongeza ya kitabu chake. Weyer alipinga kuteswa na kuchomwa moto kwa wanawake walioitwa wachawi, na orodha ile aliitoa ili kuanika upuuzi wa waliojidai kuita pepo. Kilichofuata kinasikitisha: katika karne ya 17 orodha hiyo, ikiwa imebadilishwa kidogo, ilitiwa katika kitabu cha kufundishia kuita pepo haohao, na sasa wakawa 72. Paimon ni wa tisa. Huja amepanda ngamia wa nundu moja, taji kichwani, uso kama wa mwanamke, na mbele yake kundi linapiga tarumbeta na matoazi. Sauti yake ni ya kunguruma, hata anayemwita hamwelewi mpaka amlazimishe kusema vizuri. Hufundisha sanaa na elimu zote. Ana legioni 200, yaani vikosi vya jeshi, na baadhi yao ni wa daraja la malaika.

Msomaji wa Pwani hayaoni mageni hayo. Kwetu pia pepo haji kimyakimya. Hupandishwa kwa ngoma, naye anayepandwa huitwa kiti. Neno pepo limekwisha kubeba kuitwa, kupanda na kusemeshwa, na Biblia ya Kiswahili imelizoesha kwa dhana ya Kikristo: pepo wachafu, kutoa pepo. Hata Legioni tunamjua kutoka humo.

Jini ni habari nyingine. Katika Uislamu majini ni viumbe walioumbwa kwa moto, na miongoni mwao wamo waumini. Naelewa kwa nini ulilichagua, kwa sababu Nabii Suleiman alitumikiwa na majini, na kitabu kile cha Ulaya nacho kinamtaja Sulemani kuwa aliwafungia pepo 72 katika chombo cha shaba na kukitupa ziwani huko Babeli. Hata hivyo, ukiandika jini, Mwislamu atasoma itikadi yake mahali ambapo mwandishi wa Ulaya alikuwa akihesabu ngazi za malaika na walioanguka kutoka mbinguni. Shetani nalo lina uzito mno. Ni Ibilisi, ni tusi, ni kinyago cha Wamakonde. Linahukumu kabla hujaeleza lolote.

Sasa upatanisho, na hapa sikubali mzaha, maana ndio unaobeba maana yote. Pepo huyu, pepo hawa: ni viumbe. Pepo hii, pepo ya Firdausi: ni makao ya waja wema. Pepo hizi, pepo za kusi: ni wingi wa upepo. Aliyeandika "pepo hii ina legioni 200" ameipa Pepo yenyewe jeshi. Vivyo hivyo andika "mashetani hawa", si "mashetani haya".

"Aliopolewa majini" ni Kiswahili safi, lakini ukitanguliza jini, msomaji atajiuliza kama aliopolewa kutoka kwenye maji au kutoka kwa majini wenzake. Andika "kwenye maji", yaishe.

Na huyo wa gemu? Genshin Impact, kazi ya kampuni ya Kichina miHoYo, ilitoka Septemba 2020. Paimon wake ni kisichana chenye nywele nyeupe kinachoelea hewani, kitu kama taji juu ya kichwa, mlafi, na mwongozaji wa mchezaji. Hakuna anayemwita wala kumtoa. Wenzake wa gemu waliopewa majina ya pepo wa orodha ile wamebaki karibu zaidi na chimbuko lao: Focalor wa kitabuni hutawala upepo na bahari, na Focalors wa gemu ni mungu wa maji, Buer wa kitabuni hufundisha falsafa na nguvu za mimea, na wa gemu ni mungu wa hekima. Kwa Paimon naona taji na kazi ya kufundisha tu ndivyo vilivyosalia. Mwite kiumbe, au mwenzi wa msafiri, yaani wa mhusika anayechezwa na mchezaji.

Jambo moja litakurahisishia kazi: kiambishi a- hakibagui mume wala mke, hivyo "amevaa taji" itamfaa mfalme wa kitabuni na kisichana cha gemu bila kubadilisha herufi. Ukinukuu maneno yake, kumbuka hujitaja kwa jina. Usimsahihishe kuwa "nina njaa". Andika "Paimon ana njaa".