Usinisimulie Filamu Nzima, Nipe Kipande Kimoja

Usiku, mlangoni mwa hospitali. Vijana wawili wamesimama kwenye ngazi, kola zimeinuliwa, mikono mifukoni kana kwamba wameshika bastola, na kumbe hawana hata wembe. Gari linasogea taratibu, waliomo wanawakodolea macho, kisha linaondoka zake. Mmoja wa vijana hao, mwoka mikate, anatoa sigara ajitulize. Mikono inamtetemeka, kiberiti hakiwaki. Mwenzake anakichukua, anamwashia mara moja, halafu anautazama mkono wake mwenyewe. Hautikisiki.

Filamu gani hiyo? Aliyeitazama hasubiri mwisho wa maelezo. Ni The Godfather ya mwaka 1972, na mwenye mkono usiotikisika ni Michael Corleone, yule kijana aliyekuwa akisema mambo ya ukoo wake wa kimafia hayamhusu. Hapo hapakulia risasi wala hakufa mtu. Lakini ukiukumbuka mkono ule umeikumbuka filamu yote, maana hapo ndipo yeye mwenyewe anapogundua ni mtu wa namna gani.

Kwetu huu ndio mchezo wa barazani baada ya chakula cha usiku. Mmoja anatega kwa kusimulia kipande cha filamu, wengine wanategua jina lake, na wakishindwa wanatoa mji kama kwenye vitendawili. Aliyetega anakwenda mjini kwake, anakula, anakunywa, anaoa akipenda, ndipo anatoa jibu. Nimeucheza na wajomba, na mashangazi, na watoto wa siku hizi wanaotazama kila kitu kwenye simu, na ninaloliamini kwa dhati ni hili: mchezo huharibiwa au kunogeshwa na anayetega. Anayetegua ana kazi nyepesi.

Kwa hiyo nianze na wewe unayetega. Achana na kipande ambacho kila mtu anakijua. Watu wakitaka kutega Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 wote hukimbilia bafuni, na ukishasema bafu na kisu umejibu mwenyewe. Mimi huitega hivi: kijana mwembamba kasimama usiku kando ya kinamasi, anatafuna peremende. Mbele yake gari linadidimia. Linazama, linazama, ghafla linakwama, paa bado linaonekana. Kijana anaacha kutafuna. Anageuza kichwa huku, anageuza kule. Kisha gari linaendelea kuzama mpaka tope linalifunika lote.

Kipande hicho nakipenda kuliko kile cha bafuni, na nitasema kwa nini. Mtazamaji anajua ndani ya gari lile mna maiti ya mtu aliyekuwa akimwonea huruma dakika chache nyuma. Hata hivyo, gari linapokwama, naye anabana pumzi akiombea lizame. Hitchcock amemhamisha upande bila kumuomba ruhusa. Kumbukumbu hushika mahali pa namna hiyo, pale moyo wa mtu ulipofanya kitu asichokitarajia. Ukitafuta cha kutega, jiulize ni wapi ulijishangaa mwenyewe ulipokuwa unatazama. Hapo ndipo.

La pili, anza na vitu na mikono. Majina weka kando, mwisho wa hadithi weka kando, na neno lililomo kwenye jina la filamu lisikutoke kabisa. Hili la jina ni gumu kuliko linavyoonekana. Jaribu kwa mfano kutega Bicycle Thieves, ile ya Mwitaliano Vittorio De Sica ya mwaka 1948, bila kutaja baiskeli. Inawezekana, na hivi ndivyo ninavyofanya: mume kapata kazi baada ya kusota muda mrefu, lakini kazi inataka kifaa ambacho alikwisha kukiweka rehani. Mkewe hasemi mengi. Anavua mashuka kitandani, anayafunga furushi, wanakwenda nayo kwenye duka la rehani. Wanalipwa. Kisha karani anabeba furushi lao na kuanza kupanda rafu, anapanda, anazidi kupanda, na huko juu kote ni mafurushi ya mashuka ya watu wengine, yamepangwa mpaka darini.

Ukisimulia hivyo, hata asiyeijua filamu ananyamaza. Rafu ile inaeleza Roma ya baada ya vita kuliko hotuba yoyote: mji mzima umelala bila mashuka. Na yule mume aliyeigizwa pale, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji bali mfanyakazi wa kiwandani. Labda ndiyo maana anavyolikodolea macho lile furushi likipanda huoni uigizaji ndani yake.

Kisha mjue unayemtegea. Pwani yetu imekulia kwenye picha za Kihindi, na mama yangu mkubwa hana haja ya Hitchcock wala De Sica. Yeye mtegee hivi: jioni imeingia, kijana mrefu kakaa nje peke yake anapuliza kinanda cha mdomo. Ghorofani, mwanamke mjane mwenye sari nyeupe anapita akizima taa moja, anakwenda kwenye nyingine, anazima. Hawasemezani. Hujamaliza taa ya pili mama mkubwa ameshajibu: Sholay! Na ni kweli, ni Sholay ya Ramesh Sippy, mwaka 1975, na kijana ni Amitabh Bachchan. Filamu ile ni ya saa tatu na zaidi, imejaa farasi, treni, bunduki na jambazi wa kutisha, lakini wazee wetu kilichowakaa ni taa. Ukitaka kuwatega vijana kwa filamu hiyohiyo, watege kwa sarafu ambayo rafiki mmoja huirusha kila wanapotaka kuamua jambo, na daima inaangukia upande aliousema yeye. Ila usithubutu kueleza kwa nini. Hilo lina wenyewe, na aliyeitazama mpaka mwisho analijua.

Kwa waliokulia mabanda ya video, kuna Bruce Lee. Acha ile ya chumba cha vioo, imezoeleka mno. Tega ya chomboni: baharini, watu wanasafiri kwenda kisiwani kwenye mashindano. Mbabe mmoja anawaonea vijana wa chombo, anamwaga vitu vyao, kisha anamfuata abiria mmoja mkimya na kumuuliza anapigana kwa mtindo gani. Anajibiwa: mtindo wa kupigana bila kupigana. Mbabe anataka aonyeshwe. Haya, anaambiwa, hapa pamebana, twende ufukoni kwa kile kimashua. Mbabe anatangulia kuingia, mwenzake anabaki chomboni na kuachia kamba, halafu anawakabidhi kamba hiyo wale vijana walioonewa. Kimashua kinaburutwa nyuma, maji yanaingia, mbabe anapiga kelele. Hiyo ni Enter the Dragon ya 1973, na Bruce Lee mwenyewe alifariki Julai mwaka huo, wiki chache tu kabla haijaanza kuonyeshwa. Kwangu mimi hapo ndipo alipoonyesha ubingwa kuliko kwenye mapigano yote, kwani steringi ameshinda bila kukunja ngumi.

Lakini hawa wa mabanda wana jambo lao la kuangalia, na hapa nawasihi muwe makini. Wengi tulizitazama filamu hizo kwa sauti ya mtu mwingine, fundi anayezifasiri na kuzisimulia juu ya picha. Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, Kenya yupo DJ Afro, Uganda wapo mavijei, na mafundi hawa hawakutafsiri tu. Walimpa adui jina jipya, wakaongeza mzaha, wakamtuma steringi kununua sigara kwenye mtaa unaoujua wewe. Ni sanaa kamili na ninaiheshimu sana. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kukuapia kuwa steringi alisema maneno fulani kabla ya kumpiga adui, na maneno hayo hayamo kwenye filamu, yalitoka kinywani mwa fundi. Kwa hiyo mtu anapotega kwa kumbukumbu ya banda, aambiwe ataje alichokiona, si alichokisikia. Macho yake yako salama. Masikio yake yana filamu nyingine.

Filamu zilizopigwa huku kwetu huleta ushindani mzuri, kwa sababu mtu anadhani atazijua upesi. Tembo wachanga wanaomfuata mwanamke mmoja kwenda kuoga: hiyo ni ile ya John Wayne iliyopigwa Tanganyika na kutoka mwaka 1962, Hatari! Mwanamume anayemwosha nywele mwanamke mtoni huku akimsomea shairi: Out of Africa, 1985, iliyopigwa Kenya. Hizi zinatosha kwa kupasha moto.

Watoto nao wasiachwe, ila usiwalazimishe kusimulia. Waigize. Kuna kipande cha Jaws, filamu ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, kinachofaa kabisa. Baba kakaa mezani, mkuu wa polisi, kachoka, lawama za siku nzima zimemlemea. Hajui kwamba mwanawe mdogo pembeni anamwiga. Baba akikutanisha vidole, mtoto naye. Baba akijifunika uso, mtoto naye. Mpaka baba anapogundua, na anamwomba mtoto ambusu. Mtoto anauliza kwa nini, baba anajibu kwamba analihitaji hilo busu. Wape watoto wawili wakiigize na utaona watu wazima wanavyohangaika, kwa kuwa hakuna atakayewaza papa.

Sasa wewe unayetegua. Sikiliza vitu vya zama: simu ya mezani, aina ya kofia, lebo ya chupa. Mkuu wa polisi anafungua chupa ya maji, anasoma lebo, anaitupa kapuni na kulipiga kapu teke. Ukiuliza lebo inasema nini ukaambiwa Vichy, na unajua kwamba ndilo jina la serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, umefika: ni Casablanca, iliyotoka mwaka 1942 vita vikiendelea. Swali moja la namna hiyo lina thamani kuliko kutaja majina kumi kwa kubahatisha. Swali lingine ninaloliuliza kila mara ni nani mwingine yupo hapo na anatazama nini, kwa kuwa mtegaji husahau kumficha huyo.

Na kama hutegui mchezo bali unaitafuta filamu uliyoitazama utotoni na jina limekutoka, andika kila unachokikumbuka kabla hujamuuliza mtu yeyote. Rangi ya nguo, chumba, nani alikuwa kushoto, mvua au jua. Ukishawauliza watu, kila mmoja atakuongezea kitu chake na baada ya hapo hutatofautisha chako na chao. Halafu mtafute mtu aliyetazama nawe, banda lilelile au sebule ileile, umsomee ulichoandika bila kumwambia unahisi ni filamu gani.