Ukisanifu jenereta ya teknetiamu, anza na barabara ya kuja Mbeya

Wanafunzi wa kemia na uhandisi hapa Mbeya huniuliza mara kwa mara mtu aanzie wapi akitaka kusanifu jenereta za isotopu za tiba, zile zinazowapa madaktari dawa ya mionzi ya kupigia picha mifupa, moyo, figo na tezi ya shingo. Wengi hutarajia niwaambie waanze na kemia ya alumina, yaani punje za oksidi ya alumini zinazojazwa ndani ya jenereta. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa nchini Afrika Kusini kabla ya kurudi nyumbani kufundisha, na ushauri wangu ni kwamba uanze na mgonjwa aliyelala chini ya kamera ya gama, kisha uhesabu saa kurudi nyuma hadi kwenye kinu cha nyuklia.

Hesabu yenyewe ndiyo sababu ya jenereta kuwepo. Teknetiamu-99m, isotopu yenyewe ya kupigia picha, hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 6. Ukiipakia Dar es Salaam ikaja Mbeya kwa barabara, zaidi ya kilomita 800, hata safari ikiwa ya saa 12 tu itafika robo. Molibdenamu-99, ambayo ndiyo mzazi wake, hupoteza nusu kwa saa 66, kwa hiyo baada ya siku mbili bado ina asilimia 60 hivi, na baada ya siku tatu asilimia 47. Molibdenamu hugeuka polepole kuwa teknetiamu, kwa hiyo tunasafirisha mzazi ndani ya jenereta, na mtoto anakamuliwa, yaani anaoshwa kwa maji ya chumvi, hospitalini kila asubuhi. Wazo hili lilizaliwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kazi ya Walter Tucker na Margaret Greene, na umbo la msingi halijabadilika sana tangu wakati huo.

Kwa sababu hiyo, usikubali kusanifu kwa kufuata nguvu iliyoandikwa siku ya kutoka kiwandani. Jenereta ya gigabekereli 10 (bekereli ni kipimo cha mionzi, na giga moja ni mega elfu) ikichukua siku tatu njiani ina gigabekereli 4.7 za molibdenamu inapofunguliwa, na ukamuaji mzuri utatoa chini kidogo ya gigabekereli 4 za teknetiamu. Picha ya mifupa ya mtu mzima kwa kawaida huhitaji kati ya megabekereli 500 na 740. Hapo unao wagonjwa 5 hadi 7, nao wakichomwa sindano bila kuchelewa. Mtu anayesanifu kwa ajili ya nyanda za juu kusini aiweke hesabu hii mezani kabla ya kuchora chochote.

Swali linalofuata ni molibdenamu imetoka wapi. Ile inayopatikana kwa kupasua urani-235 kinuni ni safi na imekolea, hivyo gramu chache za alumina zinatosha kuishika. Ile inayotengenezwa kwa kupiga molibdenamu ya kawaida kwa nyutroni imechanganyika na molibdenamu nyingi isiyo na mionzi, na kwa kuwa gramu moja ya alumina hushika miligramu chache tu, au ishirini hivi kwa kiwango cha juu, kolamu, yaani mrija wenye alumina, inalazimika kuwa kubwa. Kolamu kubwa hudai maji mengi ya chumvi, na teknetiamu inatoka imezimuliwa. Mtaalamu wa hospitali anayetaka kuchanganya dawa ya moyo katika mililita chache hawezi kufanya kitu na maji mengi yenye mionzi hafifu. Nimeona michoro mizuri ikitupwa kwa sababu hii moja.

Utendaji wa kolamu ni rahisi kuueleza. Molibdeti, umbo la molibdenamu ndani ya kolamu, ina chaji hasi zaidi ya moja na hung'ang'ania alumina iliyooshwa kwa asidi. Perteknetati, umbo la teknetiamu, ina chaji hasi moja, na kloridi iliyomo katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9 huisukuma itoke. Ugumu uko kwenye ujazaji. Barabarani, hasa kwenye kona za Kitonga na matuta ya njiani, punje za alumina hushuka kama mahindi ndani ya gunia lililopakiwa kwenye lori, na pale juu huachwa nafasi. Maji yakipata mfereji yanapita humo bila kuigusa sehemu kubwa ya kolamu, na mavuno hupungua. Jaribio ninalolisisitiza halihitaji mionzi kabisa: jaza kolamu, pakia molibdeti baridi, isiyo na mionzi, itikise kwa saa nyingi au ipakie kwenye gari linalokwenda Iringa na kurudi, kisha ikamue na upime maji yaliyotoka kwa thayosayaneti na kloridi ya stanasi. Rangi ya machungwa ikitokea, molibdenamu inavuja. Kolamu isiyofaulu jaribio hili haistahili kutiwa mionzi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani hulisahau, nalo ni mwinuko. Jenereta nyingi hukamuliwa kwa kichupa kilichoondolewa hewa: ombwe lake huvuta maji ya chumvi kupita kwenye kolamu. Kinachosukuma kwa kweli ni hewa ya nje, na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa hiyo ina kilopaskali 82 hivi badala ya 101 za usawa wa bahari. Kichupa kikiwa kimebaki na kilopaskali 20 ndani yake, nguvu ya kuvuta inashuka kutoka 81 hadi 62, karibu robo nzima. Ukamuaji unakwenda polepole na kichupa kinaacha kuvuta mapema. Kwa jenereta ya kolamu kavu hili ni zito zaidi, kwa maana baada ya maji lazima ipite hewa ya kukausha kolamu. Ikibaki na unyevu, mionzi huyavunja yale maji, na vitu vinavyozaliwa humo huigeuza perteknetati kuwa maumbo yanayoganda kwenye alumina. Kesho yake mavuno yanapungua na fundi hajui kwa nini. Tumia kichupa kikubwa kuliko kiasi cha maji, na ukijaribie huku juu.

Kuhusu kinga ya madini ya risasi dhidi ya mionzi, ipimie molibdenamu. Nishati ya gama ya teknetiamu ni kiloelektronivolti 140 na huzuiwa na risasi nyembamba sana; molibdenamu hutoa gama za 740, na hizo ndizo zinazoamua unene na uzito. Tofauti hiyohiyo ndiyo inayotuwezesha kupima uvujaji hospitalini: kichupa huwekwa ndani ya kikopo cha risasi cha milimita 6 hivi, teknetiamu inazuiwa, na kinachosomwa ni molibdenamu. Kikomo kinachotumiwa na wengi ni kilobekereli 0.15 za molibdenamu kwa kila megabekereli ya teknetiamu, wakati wa kumchoma mgonjwa. Zingatia hayo maneno ya mwisho. Teknetiamu inakufa upesi kuliko molibdenamu, kwa hiyo uwiano huo huongezeka mara mbili kila baada ya saa 6.6 hivi, na dawa iliyofaulu saa moja asubuhi yaweza kuwa haifai jioni. Nakuomba ubandike jedwali la saa hizo kwenye jenereta yenyewe, kwa Kiswahili, lisomeke na mtu aliye kazini tangu alfajiri.

Kifurushi cha nje kina masharti yake ya kimataifa, yakiwemo kuangushwa kutoka mita 1.2 na kupigwa na fimbo ya kilo 6. Yafuate tu, hayana mjadala.

Mwisho, sanifu kolamu iweze kutolewa bila kukata risasi. Baada ya siku 28 hivi molibdenamu iliyobaki ni chini ya sehemu moja ya elfu. Hospitali iliyo mbali na bandari haipaswi kurundika risasi nzito stoo kwa sababu msanifu hakufikiria safari ya kurudi. Weka vishikio viwili imara, kifuniko kinachofunguka kwa ufunguo wa kawaida, na nafasi ya lebo mpya ya kurudishia mzigo, ili fundi akishapima na kupata kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania aufunge upya kwa vifaa alivyo navyo.