Atomi haina tamaa

Barua za wiki hii nyingi zimetoka skuli, na karibu zote zina neno "inataka". Naanza nalo, maana limenichosha.

Mwalimu, shikamoo. Kwa nini sodiamu inataka kutoa elektroni na klorini inataka kupokea? (Kidato cha Tatu, Wete)

Marahaba. Sodiamu haitaki kitu. Kuing'oa elektroni yake ya nje hugharimu kilojuli 496 za nishati kwa moli, yaani kwa fungu moja la atomi ambalo wanakemia hulihesabia. Klorini ikiipokea, hurudi 349. Piga hesabu: hasara ya 147. Basi mbona chumvi ipo? Mwenye mikarafuu atanielewa haraka. Wachumaji huwalipa kwanza, karafuu bado mbichi, na yeye hajashika hata senti. Fedha huingia siku ya kupima. Siku ya kupima ya chumvi ni pale ioni chanya (atomi iliyotoa elektroni) na ioni hasi (iliyopokea) zinapovutana na kujipanga kuwa fuwele. Hapo hutoka kilojuli 787. Deni linalipika, na faida inabaki.

Kwa nini sodiamu ndiyo ing'olewe? Ina protoni 11 kwenye kiini, lakini elektroni kumi za ndani zinaikinga ile ya nje na mvuto huo. Klorini ina kinga ileile ya elektroni kumi, ila protoni zake ni 17, kwa hiyo mvuto unaofika nje ni mkali. Ile "kanuni ya nane" mnayokaririshwa tuisheni, kwamba atomi huishia na elektroni nane za nje, inasaidia kukumbuka, haielezi sababu. Boroni ndani ya trifloridi yake imezungukwa na elektroni sita. Salfa ndani ya heksafloridi huchorwa na kumi na mbili. Hawakupewa notsi zenu.

Magnesi hutoa mbili. Kwa nini isitoe tatu?

Tazama bei: ya kwanza 738, ya pili 1,451, ya tatu 7,733. Ya tatu imo tabaka la ndani, jirani na kiini. Faida ya fuwele inamudu mbili za mwanzo, ya tatu haiwezi.

Atomi ikipokea elektroni imeongezewa. Mbona inaitwa hasi?

Elektroni yenyewe ni hasi. Nimelijibu hili mara nne tangu mfungo uishe. Likija tena, bahasha siifungui.

Na kaboni je?

Kung'oa nne ni ghali, na kuibebesha nne zaidi ni ghali vilevile. Hushirikiana na wenzake. Yujinoli, mafuta yanayoipa karafuu harufu yake, imejengwa hivyo: kaboni, haidrojeni na oksijeni zinatumia elektroni kwa pamoja.

Ni kweli gesi adimu haziungani na chochote?

Ilikuwa kweli vitabuni hadi 1962. Mwanakemia Neil Bartlett aliona platini heksafloridi, kemikali ya platini na florini, inainyang'anya elektroni hata molekuli ya oksijeni. Akatazama zenoni, mojawapo ya gesi hizo adimu, akakuta bei ya elektroni yake inakaribia ile ya oksijeni. Akaikutanisha na platini heksafloridi, zikaungana. Anayeandika "kamwe" ubaoni leo amechelewa zaidi ya miaka 60.

Klorini ni sumu, na sodiamu huwaka majini. Vipi tunakula chumvi? (Mama wa watoto watatu, Ng'ambo)

Bibie, kilichomo chumvini ni ioni. Klorini iliyokwisha kupata elektroni haina haja ya kunyang'anya ya mtu. Ile ya gesi bado inanyang'anya, na mapafu yako yanazo tele. Ndiyo maana nasema hata kama hukuuliza: dawa ya kung'arishia nguo nyeupe usiichanganye na ya choo yenye asidi. Gesi hiyo ya klorini hutoka papo hapo, na vyoo vyetu vingi madirisha yake ni ya kupitisha paka. Ikitokea, toka nje, usirudi kusuuza.

Fundi ameifungia boti yangu ya chuma kipande cha zinki karibu na rafadha. Mwaka haujaisha, kimeliwa nusu. Kaniuzia kibovu? (Mkoani)

Hapana, kinafanya kazi yake. Zinki hupoteza elektroni kwa urahisi kuliko chuma, basi maji ya bahari yanakula zinki kwanza, na elektroni zake zinakilinda chuma. Kingebaki kizima ndipo ningekwambia umgombeze fundi. Kikifika nusu, badilisha. Na usikipake rangi ukadhani unakihifadhi: kikizibwa hakitoi elektroni, na kitakacholiwa ni boti.