Maswali ya wasafiri: Pwani ya Northumberland kwa gari

Barua nyingi za wiki hii zimeuliza juu ya pwani ya Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kuanzia Newcastle hadi karibu na mpaka wa Scotland. Nimefurahi sana, maana watu wetu wengi huipita mbio wakielekea Edinburgh.

Tuna gari na siku mbili. Tuanzie wapi? (Msomaji, Leicester)

Anzeni na ratiba ya maji, hata kabla ya kutafuta pa kulala. Kisiwa cha Lindisfarne hufikika kwa gari maji yakikupwa tu, kwa hiyo saa zake ndizo zitakazopanga mengine yote. Newcastle hadi Berwick, mji wa karibu na mpaka wa Scotland, ni kama kilomita 100, na barabara kuu ya A1 itawafikisha upesi. Msiifuate yote. Iacheni pale Alnwick, mshike barabara ndogo ya pwani inayopita Seahouses na Bamburgh, kisha mrudi A1 kuelekea Beal, penye njia ya kuingia kisiwani.

Mume wangu anasema bahari huifunika hiyo barabara. Nina watoto wadogo, naogopa. (Mama wa watoto wawili, Reading)

Anasema kweli, dada yangu, na hofu yako ina msingi. Barabara hiyo ilijengwa mwaka 1954, na bahari huifunika mara mbili kwa siku. Halmashauri ya kaunti hutangaza saa salama za kuvuka, na utazikuta zimebandikwa pia pale pa kuingilia. Saa hizo husogea kila siku, kwa hiyo ratiba ya jana haikufai leo. Aliyekulia Lamu au Bagamoyo anajua maji ya bamvua yanavyokuja kwa kasi. Huku ni hivyo hivyo, na upepo mkali unaweza kuyaleta mapema zaidi.

Usipime kwa macho. Mbele yako lami inaweza kuwa kavu, kumbe sehemu ya chini karibu na daraja imeshajaa. Hapo utaona kibanda cheupe kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi: ni cha kukimbilia waliozingirwa na maji. Kila mwaka kuna magari yanayonaswa na waokoaji kuitwa, ilhali saa zilikuwa zimeandikwa wazi. Mkichelewa, subirini upande mlioko.

Kisiwani kuna nini hasa cha kuona? (Mwanafunzi wa historia, Durham)

Mdogo wangu, uko jirani kabisa na hujafika! Mwaka 635 mtawa Aidan alikuja kutoka Iona, kisiwa cha Scotland, kwa mwaliko wa mfalme Oswald, akajenga nyumba ya watawa. Hapo ndipo kilipoandikwa kitabu maarufu cha Injili cha Lindisfarne, ambacho sasa kimo Maktaba ya Uingereza, London. Mwaka 793 Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, waliivamia nyumba hiyo, na habari zake zikatikisa Ulaya. Magofu unayoyaona leo ni ya kanisa la baadaye, la karne ya 12. Tazama tao jembamba lililobaki likining'inia juu, baada ya mnara wake kuanguka.

Kisiwani kuna ngome pia; ukiielekea pita bandarini. Utakuta mashua kuukuu za kuvulia heringi zimekatwa, zikapinduliwa na kutiwa milango, ndizo stoo za nyavu.

Mama yangu ana maumivu ya magoti. Ngome ipi itamfaa? (Msomaji, Leeds)

Dunstanburgh hapana. Kutoka kijiji cha Craster ni mwendo wa karibu kilomita 2 kwa miguu, na gari haliruhusiwi. Mpelekeni Bamburgh, na hata asipoingia ngomeni, kijijini kuna makumbusho ya Grace Darling. Binti huyu wa mlinzi wa mnara wa taa alikuwa na miaka 22 pale meli Forfarshire ilipovunjika miambani, Septemba 1838. Yeye na baba yake walipiga makasia katikati ya dhoruba kuwafuata manusura, na watu 9 wakaokolewa mwambani. Mashua yenyewe imo humo ndani. Ukiisogelea, uone ilivyo ndogo, utaelewa kwa nini nchi nzima ilimlilia alipofariki mwaka 1842. Kaburi lake liko ng'ambo ya barabara, uwanjani mwa kanisa.

Leseni yangu ya Tanzania inatosha? (Mgeni, Dar es Salaam)

Kwa mgeni wa matembezi, ndiyo, hadi miezi 12, kwa gari dogo. Mnaendesha kushoto kama nyumbani, ila vibao vya mwendo ni vya maili.

Berwick inastahili kusimama? (Msomaji, Glasgow)

Sana, na kuzunguka kuta zake hakuna kiingilio. Zilianza kujengwa mwaka 1558 kuizuia Scotland na mizinga yake, ndiyo maana ni fupi na nene. Tembea juu yake mzunguko mzima, ila washike watoto mkono: sehemu nyingi hazina uzio.