Mivumba ya Owino au duka la hisani Uingereza?

Dada umeuliza kama ukifika Uingereza kwa masomo ununue nguo kwenye maduka ya hisani au ubebe mivumba (mitumba) kutoka soko la Owino hapa Kampala, mimi nakwambia nenda mikono mitupu tu, vitu ni vilevile! Kule watu wanatoa bure, duka kama Oxfam linauza hela inaenda kwenye misaada, zile zisizouzika wanawauzia wafanyabiashara kwa kilo, zinafungwa mabelo, meli mpaka Mombasa halafu lori mpaka Kampala. Mwaka jana nilinunua koti la sufu hapo Owino shilingi elfu kumi na tano, kufika nyumbani kuvaa nakuta kikaratasi kimening'inia ndani ya mkono, pauni 4.99, yaani limekaa dukani kwao likakosa mtu likaja kunisubiri mimi 😂

Ila kule usitegemee kupatana bei kama hapa, mara nyingi bei ikishaandikwa ndiyo hiyo. Tafuta mitaa ya wenye pesa, ndo wanatoa vitu vya maana, na usiishie kwenye nguo, angalia sahani, vitabu, masufuria mazito. Nguo ivute kwenye mwanga uone matundu, hasa sweta maana nondo wanapenda sufu, nusa kwapa (usione haya), vuta zipu mara mbili tatu. Viatu kunja soli, ikipasuka hapohapo rudisha polepole uondoke.

Koti la baridi tu ndo ningebeba moja, utashuka ndege na blauzi?